Je, Wajua? Pawasoo, bulugamu na jino la cheni

Ingia duka lolote la vifaa vya shamba mjini Kericho, usimame karibu na kaunta, usikilize. Atakuja mtu wa Sosiot, wa Kapsoit au wa Kabianga, aelekeze kidole ukutani zilikoangikwa pawasoo, yaani misumeno ya mnyororo, aulize: "Ile iko na nguvu kabisa ni gani?" Muuzaji hushusha ile kubwa. Habari za cheni haziulizwi. Safu ya leo ni ya mteja huyo, kabla hajatoa pesa mfukoni.

Je, wajua kwamba msumeno wa mnyororo ulianzia mikononi mwa madaktari, si kwa wakata miti? Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walibuni kijisumeno cha cheni yenye meno madogo, kinachovutwa huku na huku kwa mikono miwili. Kilitumika kukata kiungo cha mifupa ya kinena ya mama aliyeshindwa kujifungua, na kuondoa mifupa iliyooza. Dawa ya ganzi ilikuwa bado. Vuta pumzi, tuendelee.

Je, wajua kwamba pawasoo za kwanza zilibebwa na watu wawili? Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza ya umeme. Mwaka uliofuata Mjerumani mwenzake, Emil Lerp, alipanda na ya petroli hadi mlima Dolmar kuijaribu, na jina la mlima likawa jina la kampuni. Msumeno huo ulikuwa mzito kuliko mfuko wa saruji. Mwaka 1959 Stihl ilitoa Contra, ya kilo 12 hivi, ambayo mtu mmoja aliweza kuinua na kuangusha mti peke yake.

Kampuni ya Husqvarna ya Sweden, ambayo nembo yake utaiona kwenye pawasoo nyingi, ilianza mwaka 1689 kama kiwanda cha bunduki. Ilingoja miaka 270 kutoa msumeno wake wa kwanza wa mnyororo.

Sasa hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1946 mkata miti wa Marekani, Joseph Buford Cox, alikuwa akipasua kuni huko Oregon alipomwona buu wa mbawakawa akila kisiki. Buu hakuchimba moja kwa moja. Alikata kushoto, akakata kulia, kwa taya mbili zilizopinda kama herufi C, na ubao mgumu ukawa unga mbele yake. Cheni za wakati huo zilikwaruza mbao kama msumeno wa mkono na zilihitaji kunolewa kila mara. Cox akaingia karakana na kutengeneza jino la kuiga taya la buu. Cheni iliyo kwenye pawasoo yako, jino la kushoto likifuatwa na la kulia, ni mjukuu wa mdudu yule. Kumbe aliyewafunza watu kukata mti ni mdudu asiye na injini!

Je, wajua kwamba ukubwa wa injini na nguvu ya injini ni mambo mawili? Hapa ndipo wengi hupigwa. Namba ya cc ni nafasi iliyo ndani ya silinda. Nguvu hupimwa kwa kilowati, na kilowati moja ni kama nguvu farasi 1.34. Chukua Stihl 070, mzee anayeheshimiwa sana na wapasuaji mbao wa Afrika Mashariki: ina cc 106 na kilowati 4.8, na uzito wake bila ubapa, kile chuma bapa kinachobeba cheni, unapita kilo 10. Iweke kando ya MS 661 ya kampuni hiyo hiyo: cc 91, kilowati 5.4, kilo 7 na nusu hivi. Ndogo kwa cc, kubwa kwa nguvu, nyepesi kwa mkono. MS 500i iliyofuata baadaye ina cc 79 tu na bado inatoa kilowati 5.

Basi kwa nini wapasuaji hawaiachi 070? Kwa sababu huzunguka polepole na kuvuta kama ng'ombe dume, fundi yeyote anaifungua chini ya mti, na vipuri vyake si vya kutafuta mbali. Hizo ni sababu nzuri. "Ni kubwa" si mojawapo.

Ukitaka namba za haraka: chini ya cc 40 ni ya matawi na kuni za nyumbani. Cc 50 hadi 60 ni ya shamba la kawaida. Cc 70 hivi, kama Husqvarna 372 XP, inamaliza karibu kila bulugamu, yaani mkaratusi, utakayoikuta kwenye mpaka wa shamba huku Belgut. Cc 90 na kuendelea ni kazi ya mtu anayeangusha miti kila siku. MS 880 ya cc 121 na kilowati 6.4, au Husqvarna 3120 XP ya cc 119, hizo ni za kupasua magogo makubwa kuwa mbao. Ukinunua mojawapo kwa ajili ya kuni za mama, utabeba kilo 10 bure hadi mgongo ukuambie.

Je, wajua kwamba pawasoo ileile ina nguvu zaidi Mombasa kuliko Kericho? Injini hula hewa pamoja na petroli, na huku juu hewa ni nyepesi. Kila ukipanda mita 1,000, injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu. Mji wa Kericho uko mita 2,000 na ushee juu ya bahari. Kwa hiyo ile kilowati 4.8 iliyoandikwa kwenye katoni, ukiiwasha huku kwetu inakuwa 3.8 hivi. Na si hilo tu. Kabureta iliyopangwa kwa hewa nzito ya pwani huku humwaga petroli kupita kiasi: moshi mweusi, plagi yenye masizi, injini inayokohoa kama mzee asubuhi ya baridi. Watu husema mashine ni mbovu. Mara nyingi mashine ni nzima, ila haijaambiwa kwamba imehamia milimani. Fundi anayejua kazi yake hukaza skrubu ya mafuta kidogo, kwa sikio. Ile MS 500i niliyoitaja ndiyo pawasoo ya kwanza duniani kupuliza mafuta kielektroniki, na hujirekebisha yenyewe unapopanda mlima. Bei yake nayo imepanda mlima.

  

Je, wajua kwamba bulugamu si mti wa huku? Uliletwa Kenya mwaka 1902 kutoka Australia ili kuni zake ziendeshe garimoshi la Reli ya Uganda. Garimoshi likaacha kuni, chai ikazipokea. Majani mabichi kilo 4 na nusu hadi 5 hutoa kilo moja ya chai kavu. Maji yote yaliyo ndani ya majani lazima yafukuzwe kwa joto, na joto kwenye viwanda vyetu vingi hutoka kwenye matanuri ya kuni. Ndiyo sababu kila penye mche wa chai hapakosi safu ya mikaratusi nyuma yake, na kila penye mikaratusi kuna sauti ya pawasoo. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho kwa hasira ya kazi zilizopotea. Pawasoo, iliyowaondoa watu wa shoka kitambo, haikuguswa. Kila mashine na bahati yake.

Huko Tasmania kuna mkaratusi uitwao Centurion wenye urefu wa mita 100 hivi. Afrika, mti wa asili mrefu kuliko yote uliowahi kupimwa ni mkukusu wa Kilimanjaro, mita 81.5. Bulugamu ya jirani yako ni fupi zaidi, lakini ukikosea hesabu itafika jikoni kwake.

Je, wajua kwamba huhitaji ubapa mrefu kama mti ulivyo mnene? Mkata miti stadi, akiingia upande huu kisha upande ule, huangusha mti wenye unene unaokaribia mara mbili ya ubapa wake. Kujua unene, zungusha kamba kwenye shina usawa wa kifua, kisha gawa urefu wa kamba kwa tatu na kidogo. Kamba ya mita 1.9 ina maana ya mti wa sentimita 60. Ubapa wa inchi 20, yaani sentimita 50, unautosha. Ubapa wa inchi 36 kwenye injini ya cc 60 ni kama kumfunga punda lori: cheni inatambaa, klachi inaungua, na wewe unalaumu kampuni.

Cheni nayo ina namba tatu, na muuzaji asiyekuuliza hata moja anakubahatishia. Ya kwanza ni nafasi kati ya ribiti: pima toka ribiti ya kwanza hadi ya tatu, gawa kwa mbili. Ya pili ni unene wa ulimi unaoingia kwenye mfereji wa ubapa, mara nyingi milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Ya tatu ni idadi ya ndimi zenyewe. Zihesabu mara moja, ziandike kwa kalamu ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa, na hutarudi dukani mara ya pili kwa kosa.

Na tafadhali, angalia meno yanatazama wapi. Juu ya ubapa, makali yaelekee mbele, kwenye ncha. Nimeona kwa macho yangu mtu mzima akilaani pawasoo mpya nusu saa, moshi ukitoka kwenye gogo, hadi mtoto wa shule akasema, "Mzee, si hiyo cheni umeivalisha nyuma mbele?"

Mwaka juzi nilikaa asubuhi nzima kwenye shamba moja karibu na Sosiot nikiangalia vijana wawili wakikata miti ya kuuzia kiwanda. Mmoja alikuwa na pawasoo kubwa, mpya, ya rangi ya kung'aa. Mwingine alikuwa na kuukuu ya cc 70, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ile kubwa ililia zaidi, lakini magogo yalianguka upande wa kuukuu. Mwenye shamba, mzee wa makamo aliyevaa gambuti, alinyamaza muda mrefu. Kisha akainama chini ya kila gogo, akachota unga wa mbao, akanionyesha viganja vyake viwili. Mkono wa kushoto ulikuwa na vumbi laini kama unga wa ugali. Wa kulia ulikuwa na vipande vya kuonekana, vinavyokaribia ukubwa wa punje za mchele. "Hii inasugua," akasema juu ya vumbi. "Hii inakata." Yule wa kuukuu, kila alipojaza tangi, aliketi kwenye kisiki, akatoa tupa ya mviringo mfukoni na kupitisha kila jino mara tatu, kwa kusukuma mbele tu, bila kurudisha. Dakika 5. Mwenzake hakuwa na tupa kabisa.

Kwa cheni ya inchi 3/8 tupa ni ya milimita 5.2 au 5.5, kwa ile ndogo ya 0.325 ni 4.8. Tupa isiyolingana huharibu jino badala ya kulinoa. Mbele ya kila jino kuna kidole kifupi kinachopima jino lizame kiasi gani. Jino likinolewa linashuka, kidole kinabaki juu, na msumeno mkali unaanza kuteleza. Kidole nacho kishushwe kwa tupa bapa, kidogo, baada ya kunoa mara kadhaa. Ukikishusha sana, msumeno unauma kuliko uwezo wako wa kuushika.

Je, wajua kwamba cheni ikiwa mwendo kamili hupita mita 20 kwa sekunde? Hiyo ni zaidi ya kilomita 70 kwa saa, mwendo wa matatu barabara ya Kisumu. Robo ya juu ya ncha ya ubapa ikigusa kitu kigumu, msumeno hupiga teke kumrudia mwenye kuushika, na hakuna binadamu mwenye wepesi wa kuukwepa. Breki ya cheni, ule mkono wa plastiki mbele ya mpini, iliwekwa kwa sababu hiyo. Ukinunua pawasoo ya mtumba, sukuma breki mbele: isiposimamisha cheni, usitoe hata shilingi. Suruali za kazi hii nazo zina nyuzi ndefu ndani. Cheni ikizigusa, nyuzi huchomoka na kukaba gurudumu la cheni, injini inasimama kabla ya kufika nyama.

Masikio hayana breki. Pawasoo hupiga kelele ya desibeli 100 na zaidi, na uziwi wake huja polepole, hauumi. Mtetemo nao huua mishipa ya vidole hadi viwe vyeupe baridi ya asubuhi ikipiga.

Petroli tupu huua injini ya pawasoo kwa muda mfupi, maana haina oili yake chini kama gari. Kwa oili nzuri ya injini za aina hii, kipimo cha kawaida ni 1 kwa 50: mililita 100 katika lita 5. Changanya kwenye dumu, si kwenye tangi, na usiweke mchanganyiko zaidi ya mwezi.

Oili chafu iliyotolewa kwenye trakta, watu humwagia cheni wakidhani wameokoa pesa. Ina vumbi la chuma, inakula ubapa na pampu, na inarushwa usoni mwako. Kujua kama mafuta yanafika kwenye cheni, elekeza ncha juu ya jani la mgomba, uvute mafuta kidogo. Mstari wa matone ukitokea, uko sawa.

Je, wajua kwamba mkaratusi ni mti wenye hasira ndani? Unapokua, nyuzi zake hujikaza. Ukiukata, unapasuka kwenye ncha za gogo, na wakati mwingine shina hupasuka wima kabla msumeno haujamaliza na kurusha kipande nyuma. Ndiyo maana pengo la mbele hukatwa kwanza, upande mti unakoelekea kuanguka, kisha unakuja kwa nyuma na kuacha bawaba ya mbao, kama sehemu moja ya kumi ya unene. Bawaba hiyo ndiyo usukani. Ukiikata yote, mti unajichagulia njia. Wewe ondoka kwa kurudi nyuma na upande, si nyuma moja kwa moja, na watazamaji wakae umbali wa mara mbili ya urefu wa mti. Watoto wa shule hupenda sana kuona mti ukianguka. Wafukuze.

Kisiki cha mkaratusi hakifi. Machipukizi hutoka chini ya gome, kwa hiyo ukikata chini, sentimita 10 hivi, kwa mteremko ili maji yasitulie, na bila kuchana gome, mti unarudi bila kupanda upya. Hapa pawasoo kali inalishinda shoka mbali sana. Butu inalichana gome, na miaka yako minane ijayo imechanika nalo.

Je, wajua kwamba kupasua mbao kwa pawasoo hula karibu sentimita moja ya mti kila njia? Msumeno wa mkanda hula milimita 2 au 3. Gogo lile lile, mbao chache, vumbi jingi. Ghana ilipiga marufuku upasuaji wa aina hiyo mwaka 1998. Ufilipino ilienda mbali zaidi: tangu sheria ya 2002, kumiliki tu pawasoo bila kibali ni kosa la jinai.

Kenya ilifunga misitu ya umma kwa wakata miti Februari 2018, na Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kufunguliwa akiwa Molo. Mti wako wa shambani ni wako, lakini gogo likipanda lori linahitaji hati ya kusafirishia kutoka Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS). Na kama mikaratusi yako iko bondeni karibu na kijito, kumbuka kwamba hayati John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mwaka 2009 mikaratusi iondolewe kandokando ya mito kwa jinsi inavyokunywa maji. Hiyo ndiyo ya kukata kwanza.

Basi kwa mkulima wa Sosiot mwenye mikaratusi ya mpaka, hukumu yangu ni hii: cc 70, ubapa wa inchi 20, cheni mbili, kabari, helmeti yenye vizuia sauti. Kwa tofauti ya bei kati yake na ile kubwa ya ukutani, nunua ile suruali ya kazi. Na jirani akija kuazima pawasoo, mwazime pamoja na tupa.